Kona ya Mama Tusekile

Busale, Kyela

Mdogo wangu Idi,

Assalaam aleikum. Natumaini mmeamka salama hapo Kondoa, na kwamba Mama magoti yamempa nafuu tangu baridi ipungue. Mkeo naye, amejifungua au bado? Mimi mwili hauna tatizo. Huku mvua haijui kupumzika, nguo zinakauka nusu unazivaa hivyohivyo.

Nimekupigia simu ukakata. Nikapiga tena ukakata. Najua Bosi ameshaongea na wewe, amekwambia nilivyoharibu kazi, na kwamba nafasi yangu ipo wazi na amesikia unajua injini. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii anakuja nayo dereva wa basi ninayemfahamu. Karatasi huwezi kuikata katikati ya maneno. Isome mpaka mwisho, halafu ufanye unavyotaka.

Kazi yenyewe hakukudanganya, ni nzuri. Bosi ni mfanyabiashara wa mchele, ana mashamba mengi Ngonga anayokodisha watu, na starehe yake ni magari ya rimoti. Siyo yale ya betri ya watoto. Haya yana injini ya kweli, ndogo kama ngumi, na mlio wake unaumiza meno. Hayanywi petroli. Mafuta yake ni spiriti kali iliyochanganywa na oili na dawa ya kuongeza nguvu, yanakuja kwa dumu kutoka Dar, na kifuniko ukikilegeza kidogo tu yanavuta unyevu na kuharibika. Kwa unyevu wa Kyela, hiyo peke yake ni kazi. Kila baada ya mchezo nafungua chujio la hewa naliosha, napuliza tope kwenye beringi, nakausha mafuta yaliyobaki, natia oili ndani ya injini isishike kutu. Sindano ya kabureta ukiikaza mno injini inachemka inakufa, ukiilegeza mno inatapika moshi. Nilikuwa naipenda kazi ile, Idi. Sikufichi.

Mchezo unafanyika Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Bosi alisawazisha shamba moja la mpunga akatengeneza njia yenye vilima na kona. Shamba hilo alikuwa akilikodi mjane mmoja, Mama Tusekile. Alipomnyang'anya alimwachia kipande kingine cha kulima, na akampa kazi: asimame kwenye kona kali, gari likipinduka aligeuze. Mwanamke mzima, ana mjukuu, anasimama kwenye jua na kanga yake ya kanisani akisubiri vigari vya wanaume vipinduke.

Mwanzoni ilikuwa hivyo tu. Halafu Bosi akagundua kwamba akipitisha gari karibu na miguu yake, Mama Tusekile anaruka. Wageni wakacheka. Tangu hapo ikawa ndiyo sehemu ya mchezo wanayoingoja. "Mama, ruka!" Anaruka. "Mama, cheza ngoma!" Anachezacheza. Naye alikuwa anacheka pamoja nao, maana asingecheka angefanya nini.

Jumapili hiyo gari la mgeni lilipinduka kwenye kona. Mama Tusekile akainama kuligeuza. Bosi alikuwa na rimoti mkononi, mimi nimesimama pembeni yake na chupa ya mafuta. Akawaambia wageni, "Tazameni ninavyompigisha magoti." Akavuta kitufe cha mwendo mpaka mwisho. Gari lake ni zito kama jiwe la kusagia na linakimbia kuliko bodaboda. Lilimpiga juu ya kifundo cha mguu. Mlio niliousikia ulikuwa kama wa kokoa inapopasuliwa kwa panga.

Watu wawili watatu walicheka kabla hawajaelewa.

Gari likawa limelala chali, kabureta imekwama wazi, injini inapiga kelele, magurudumu yanazunguka hewani. Injini ya namna ile ikizunguka bila mzigo inajiua yenyewe. Bosi akapiga ukelele, "Hamisi! Gari! Zima gari!"

Nilipita kando ya gari nikaenda kwa Mama Tusekile. Mguu ulikuwa umeangalia upande usio wake. Alikuwa ameng'ang'ania nyasi, anasema "Yesu, Yesu," kwa sauti ndogo, kama anayeona aibu kusumbua watu. Nyuma yangu injini ikalia, ikalia, ikakatika. Nilijua imeganda na haitafufuka.

Nilimwomba Bosi gari lake tumpeleke hospitali. Akaangalia tope kwenye kanga ya yule mama, akasema, "Viti vyangu je?" Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, mguu wake nimeushika kwa mkono mmoja. Njia ya huku wakati wa mvua ni mashimo matupu. Kila shimo alinifinya paja, lakini hakulia.

Baadaye tukaitwa kwa mtendaji wa kijiji. Bosi akaeleza kwamba breki zilikataa kwa sababu fundi hakuzikagua. Gari lilikuwepo mezani. Nikaomba ruhusa, nikaliweka chini, nikalisukuma kwa mkono, nikabana breki kwenye rimoti. Magurudumu yakaganda palepale. Nikarudia. Yakaganda.

Mtendaji akasema, "Leo zinafunga."

Akamgeukia Mama Tusekile, aliyekaa kwenye benchi na mguu kwenye plasta. "Mama, wewe uliona nini?"

Hakuniangalia. "Breki zilikataa," akasema. "Fundi mwenyewe alisema palepale. Nilimsikia."

Ikaisha hapo. Nikaambiwa nimwombe radhi mbele ya watu. Nilimwomba radhi, Idi. Nilipiga magoti mbele ya mwanamke niliyembeba, na Bosi akanishika bega akasema nimeonyesha uungwana.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake. Nilikwenda na hasira, nakwambia kweli. Nikamkuta kibarazani anapepeta mchele, mjukuu wa kunyonya amelala pembeni kwenye kanga. "Ugonile, mwanangu," akanisalimu kwa lugha yao, kama hakuna kilichotokea. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini?"

Aliendelea kupepeta. "Wewe una kwenu, utaondoka. Kipande ninacholima ni chake. Ningesema ulichotaka niseme, msimu ujao ningelima wapi? Kwenye kichwa chako?"

Niligeuka niondoke.

"Ndaga fijo kwa kunibeba," akasema. Asante sana, ndiyo maana yake. Halafu akaongeza, na uso wake ulikuwa umefurahi kabisa, "Na Bosi ana huruma. Amekubali Tusekile achukue nafasi yangu."

"Nafasi gani?"

"Ya konani."

Tusekile ndiye binti yake, mama wa yule mtoto aliyelala.

Sasa nipo hapa Busale, natengeneza mashine ya kukoboa mpunga ya mzee mmoja. Vumbi la pumba linanikohoza, na kazi haina raha yoyote.

Nimesikia Bosi ameagiza injini mpya. Anachosubiri ni fundi wa kuifunga, kuiwekea mafuta na kuirekebisha ikimbie vizuri. Ukija, itakimbia. Mikono yako naijua, nimeifundisha mwenyewe. Na Tusekile atakuwa amesimama konani.

Mpe Mama salamu, umwambie kazi ya kwanza imekwisha na nimepata nyingine. Habari za mguu usimsomee. Nisalimie shangazi anayekaa nanyi, na mkeo, Mungu amjalie ajifungue salama. Baba mkwe wako naye umwambie nimemkumbuka.

Ukishuka stendi ya Kyela kwa ajili ya rimoti ile, usiniulizie kwa mtu. Nikikutana nawe njiani nitakupita.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Hamisi