Springi Ulizotuma na Zege la Baba Yako

Gereji, meza ya nyuma,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Chapuchapu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakohoa na kusingizia laini ya simu? Unakula chakula cha kupikwa au unaishi kwa mikate? Nijibu hayo kwanza ukiniandikia, kabla hujaanza mambo ya gari, maana nakufahamu.

Sisi huku hatujambo, ukitoa jambo moja ambalo ndilo limenikalisha nikaandika. Mama yako mzima, na sauti yake bado inafika nyumba ya tatu. Dada yako anaendelea na ushonaji na amenenepa kidogo, ila usimwambie nimesema. Mimi shangazi yako mgongo unaniuma nikiinama, kwa hiyo siku hizi nasimama na kuwaelekeza wengine wainame.

Sasa mzigo wako. Boksi la springi za kushusha gari lilifika, na rimu zote nne zilifika bila mkwaruzo. Rimu nimezifunga. Springi zako sijazifunga, na sitazifunga. Usiitupe barua, soma mpaka mwisho. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na kwa sababu habari yenyewe nimekatazwa kuisema.

Baba yako alivunjika nyonga mwezi wa tatu. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa nyonga ya chuma, na upasuaji ulikwenda vizuri. Hayuko hatarini, hilo lishike kabla ya mengine. Alianza na kiti cha magurudumu, akaja kwenye magongo mawili, sasa anatumia moja. Mtu aliyepanda majukwaa ya ujenzi miaka thelathini na miwili bila kuchubuka, ameangushwa na stuli ya jikoni akibadilisha taa. Mama yako alikuwa amemwambia asubiri.

Alituapisha sote kwamba usiambiwe mpaka umalize mafunzo yako, maana alijua ungefunga mabegi siku hiyohiyo. Nilikubali. Lakini kila ulipopiga simu na kuuliza baba yuko wapi, nikakujibu yuko kazini, roho iliniuma. Nisamehe, mwanangu. Uongo mdogo ukirudiwa miezi mitatu haubaki mdogo.

Utauliza springi zinahusikaje. Zinahusika. Kila Jumanne na Ijumaa anakwenda kwenye mazoezi ya mguu. Pikapu yake ni ndefu, hawezi kuinua mguu kiasi hicho. Gari lililobaki ni lako. Unakumbuka siku ulipolileta alivyosema mbele ya watu kwamba makalio yake hayatagusa kibati hicho hata siku moja, ukanuna, mkaachana hivyo hivyo mpaka ukasafiri? Basi yamegusa, mara mbili kwa wiki, na anafunga mkanda bila kukumbushwa.

Sharti la daktari ni kwamba anapokaa na anapoinuka, goti lisipande juu ya nyonga. Akishakuwa ndani hakuna neno. Shida ni pale miguu iko chini nje ya gari na mwili unateremka kwenye kiti. Nimepima kwa futi, ile tepu ya kupimia: kiti cha abiria kiko sentimita arobaini na tisa kutoka ardhini, na kwa urefu wake hapo ndipo panapomfaa. Springi zako zingekiteremsha karibu sentimita tatu na nusu. Kwako hizo ni uzuri wa gari. Kwake ni kuomba mtu wa kumvuta, na wewe unajua jinsi anavyoomba.

Hata kama baba yako angekuwa mzima, springi zile ulizichagua vibaya, na hapo kosa si lako. Uliomba picha, dada yako akapiga, ukaona gari limekalia mkia. Ukahesabu kwamba springi za nyuma zimechoka, ukaagiza za kushusha mbele milimita arobaini na tano na nyuma ishirini na tano, ili likae sawa. Hesabu yako ni nzuri. Ila springi za nyuma hazijachoka. Ndani ya buti mlikuwa na zege.

Naomba usicheke mpaka nimalize. Mlango wa chumba cha mazoezi una kizingiti kirefu. Watu walimshauri atengenezewe ngazi ndogo ya mbao. Baba yako akasema mbao si kitu, akaingia uani na gongo lake, akamwamrisha dada yako achanganye saruji na kokoto, akajimwagia ngazi yake mwenyewe ya zege, yenye nondo ndani. Tulipoipima hapa kwenye mizani ilikuwa kilo hamsini na nane. Inabebwa na watu wawili, inawekwa mbele ya kizingiti, anapanda kama bwana harusi, kisha inarudi kwenye buti. Siku ya picha kiti cha magurudumu nacho kilikuwemo humo. Hakuna aliyekumbuka kuvitoa kwa sababu tumeshavizoea, tunaviona kama tairi la akiba.

Ningefunga springi zako, siku zege likitoka gari lingeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Hilo ndilo gari ungelikuta, na lawama zote zingenishukia mimi.

Nikafanya jaribio ninalofanya kwa kila gari la namna hii. Nilitoa springi upande mmoja, nikafunga shokapu bila springi pamoja na rimu yako mpya, nikapandisha gurudumu kwa jeki mpaka likagota. Tairi liligusa ukingo wa madigadi kabla shokapu haijafika mwisho. Rimu zako ni pana na zimetoka nje kuliko za zamani. Kwa springi ulizotuma, kila tuta lingelila tairi, na shokapu ingebaki na vidole viwili tu vya kuchezea. Vidole vyako, si vyangu.

Fundi mmoja wa jirani alinishauri nikate springi za zamani kwa msumeno wa umeme, gari lishuke bila kununua kitu. Nilimwonyesha mlango. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake, na gari likiruka inaweza kuchomoka. Akaondoka akisema mimi mwoga. Mwoga ndimi, na wateja wangu wote bado wana miguu yao.

Nilichofanya ni hiki. Nimefunga springi za kushusha milimita ishirini, mbele na nyuma sawasawa. Ukingo wa ndani wa madigadi nimeukunja, na fundi wa rangi alisimama na mashine ya joto akiipasha rangi ili isipasuke. Haikupasuka. Kwa sababu rimu zimetoka nje na tairi limeujaza ule upenyo, ukilitazama kwa mbali utaapa limeshuka mara mbili ya hapo. Magurudumu nimeyanyoosha, usukani hauvuti upande wowote, na kwenye matuta halisemi kitu.

Halafu chini ya reli za kiti cha abiria nimeweka vipande vinne vya chuma vya sentimita mbili, na bolti ndefu zenye nguvu ileile. Gari limeshuka mbili, kiti kimepanda mbili. Futi inasema arobaini na tisa, kama zamani. Kofia yake ndiyo imeanza kugusa dari, lakini kofia inavulika.

Springi zako nimezipaka mafuta na kuzirudisha kwenye boksi, ziko juu ya kabati la spana. Daktari akimruhusu kukaa chini zaidi, tutazungumza upya, na hata hapo nitabishana nawe.

Sasa nikueleze kilichonifanya nivunje kiapo. Boksi lilipofika, baba yako aliuliza ni nini. Nikamweleza, na nikamwambia kwamba zikifungwa hatalipanda tena gari lile. Akasema, "Zifunge. Gari ni la mtoto. Mimi nitapanda pikapu." Nikadhani anasema tu. Ijumaa iliyofuata nilipokwenda kumchukua, nilimkuta uani kando ya pikapu, mguu mmoja juu ya zege aliloagiza lishushwe kutoka kwenye buti, mikono imeng'ang'ania mlango, jasho linamtiririka, hawezi kupanda wala kushuka. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anapumzika.

Tulimshusha mimi na mama yako. Mama yako akachukua funguo za pikapu akazifunga kwenye ncha ya kanga. Mimi niliogopa sana, Chapuchapu. Nilirudi gereji, nikashindwa kufungua hata nati moja mpaka nilipokunywa maji. Nyonga ile ikichomoka ni upasuaji wa pili, na angekuwa ameichomoa ili wewe upate gari lililoinama. Hapo nikaona siri imefika mwisho.

Jana kazi ilipokwisha nilimleta ajaribu kiti. Alikaa, akainuka, akakaa tena, bila kushikwa. Nikamwambia nimeamua kukuandikia, na kama anataka kunigombeza anigombeze akiwa ameketi. Hakugomba. Alitoka, akazunguka gari lote taratibu kwa gongo lake, akaingiza vidole kati ya tairi na madigadi kila upande, kama anayekagua ukuta wa mtu mwingine. Mwisho akauliza unafika lini hasa. Nikamwambia Jumanne, tarehe 28 mwezi ujao, asubuhi. Akasema basi tutakupitia uwanja wa ndege, kisha twende wote kwenye mazoezi, maana mazoezi hakosi.

Kwa hiyo jiandae. Ukifika mwachie kiti cha mbele, wewe kaa nyuma na magoti yako yakubane. Mlango mfungulie mpaka mwisho. Usimvute mkono, na usimtazame sana anapoinuka. Usimpe pole ndefu, itamchosha. Ukitaka kumfurahisha, liulizie lile zege, alitumia uwiano gani wa saruji na mchanga. Mtafika nyumbani hajamaliza.

Mama yako anakusalimu na anasema ulete soksi zako zote, hata zilizotoboka. Dada yako anakusalimu, na fundi wa rangi pia, anasema usilioshe gari kwa sabuni ya unga. Nami nawasalimu wenzako mnaokaa chumba kimoja, hasa yule anayekupikia.

Nimekaribia kusahau. Nilipokuwa nafunga gereji jana, baba yako aliniambia siku hiyo ya kukupokea zege libaki nyumbani, mabegi yako yapate nafasi kwenye buti. Nikamuuliza, na kile kizingiti utakipandaje. Alikuwa ameinama anaangalia rimu yako, hakuinua uso.

"Mwanangu si atakuwepo," akasema.

Mungu akulinde safari nzima na akuteremshe salama.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia kwa springi,

Shangazi yako.