Tikiti la Mkwe Wangu

6 Februari

Wifi yangu,

Mama ameamkaje huko? Na kaka yangu, bado anakoroma kama mashine ya kukoboa? Mimi mzima, isipokuwa miguu, maana kupiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima si mchezo. Simu tunaziacha mlangoni na chumba cha kufulia kiko chini kabisa, hakuna mtandao, na nikitoka usiku nyote mmeshalala, kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Nimepata barua ya mama uliyomwandikia. Barua nzima ni tikiti! Tangu apasuliwe tumbo chakula hakipiti, ila tikiti la mkwe wangu linapita. Tikiti la mkwe wangu ni tamu. Tikiti la mkwe wangu lina ubaridi hata bila friji. Nimehesabu, mara saba. Mimi nimetajwa mara moja, mwishoni, pamoja na paka.

Usinielewe vibaya, nimefurahi. Nakukumbusha tu kwamba lile tuta la nyuma ya jiko nililichimba mimi, nikiwa darasa la tano. Wewe ulipoolewa hapo hukujua jembe linashikwa upande gani. Na mimi nimepanda langu huku, kwenye ndoo ya rangi, kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne. Tutaona.

Mwambie mama mwanawe wa kumzaa anamsalimu.

Wifi yako wa pasi


19 Februari

Wifi wa pasi,

Barua yako nimeisoma huku namsuka mteja, nikacheka mpaka nikamvuta nywele. Kaka yako anakoroma, asante kwa kuuliza. Huko baridi imepungua? Miguu uikande kwa maji ya moto, usiipuuze.

Mama leo amekula nusu tikiti, akaketi mwenyewe bila mto. Alimwambia jirani yetu fundi viatu, "Huyu mkwe wangu ana mkono." Nikaona aibu nikakimbilia jikoni. Mkono gani? Mbegu nilitupa tu, zikaota.

Sasa nina shida. Yaliyoiva yamebaki matatu tu. Mashina mapya yametoa maua, lakini mengine yana kijungu kidogo chini yake, kama shanga ya kijani, na mengine hayana. Yepi niyaache? Mama siwezi kumuuliza. Akisikia bustani ina tatizo atataka kuinuka, na daktari amekataza. Wewe ndiye fundi wa mambo haya. Hayo matatu yakiisha, wifi, mama anategemea haya. Ya sokoni anayatema.

Nijibu haraka.

Wifi yako, msusi


2 Machi

Wifi,

Natumaini mu wazima. Mimi sijambo.

Kumbe mwenye mkono naye huuliza! Haya, sikiliza. Maua yenye kijungu yanyofoe yote. Yanakula nguvu ya shina bure. Pita kila asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiliona unalikata kwa kucha. Yale mengine yaache.

Hii usimsomee mama. Ni mambo yetu ya bustani, utamchosha. Msomee salamu tu, na umwambie tikiti langu la kwenye ndoo limeshapanda kwenye kamba ya nguo.

Wifi yako wa pasi


14 Aprili

Wifi wa pasi,

Hujambo mpenzi? Umekuwa kimya tangu ile barua ya maua, nikasema labda kazi imekulemea. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Nimefuata maagizo yako kama dawa ya hospitali. Kila asubuhi, kabla sijafungua saluni, nanyofoa. Kucha zimegeuka kijani, wateja wananiuliza ni rangi gani hiyo, niwapake na wao. Lakini wifi, mashina yamejaa uani mpaka yanapanda tangi la maji, na hakuna hata tunda moja. Majani matupu. Labda kuna kitu nilikosea?

La mwisho mama alikula mwezi uliopita. Kaka yako amezunguka soko zima akamletea lingine, mama akaonja, akaliweka pembeni, akasema, "Nitakula kesho." Uji anakunywa vijiko vitatu. Gauni lake la maua nimelipunguza kiunoni mara mbili. Kila siku anauliza kama bustani imezaa, nami namdanganya kwamba bado kidogo.

Niambie nifanye nini.

Wifi yako, msusi


11 Mei

Wifi yangu,

Mama yukoje? Nauliza hilo kwanza, na naogopa jibu.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu kwenye mfuko wa aproni. Nikiinama kuchukua shuka naisikia inanichoma. Hujakosea kitu. Yale maua yenye kijungu ndiyo majike, ndiyo yanayobeba tunda. Nilijua. Nimejua tangu nikiwa na miaka kumi, na nilikuambia uyanyofoe.

Sina wa kumsingizia. Nilikuonea wivu, wifi. Nilikuwa nasimama kwenye mvuke huku nawaza unavyokaa pembeni ya kitanda cha mama na kisu na sahani, unasifiwa mbele ya majirani, kwenye tuta langu. Nikataka mwaka huu uharibikiwe, ili aseme, "Enzi za mwanangu tulikuwa tunakula." Kwamba namnyima mama chakula sikuliwaza. La, niliwaza, nikalisukuma pembeni.

Acha kunyofoa leo hii. Chukua ua lisilo na kijungu, litoe vijani vyake vya njano, usugue kile kiini katikati ya ua lenye kijungu. Asubuhi mapema. Ukitaka kumwambia mama na kaka ni mimi, waambie. Sitakulaumu.

Wifi yako


3 Juni

Wifi,

Leo sikuulizi hali. Nina hasira, na ningeuliza kwa mdomo tu.

Nilijua kabla hujaniambia. Siku ya pili baada ya barua yangu ya Aprili, mama alishika ukuta, akatembea mpaka uani akaona. Akauliza, "Maua majike yako wapi?" Nikasema nimeyanyofoa. "Nani kakufundisha ujinga huo?" Nikasema ni akili yangu mwenyewe. Alinisema, wifi! Alinisema mpaka mteja aliyekuwa saluni akatoka na kichwa kilichosukwa nusu kuja kuamua ugomvi. Halafu mama akanionyesha, hili dume, hili jike, linasuguliwa hivi. Akasema, "Mwanangu nilimwonyesha mara moja tu, akashika." Hapo ndipo nilipokujua.

Usidhani nilikuficha kwa wema. Jina lako lilikuwa kwenye ulimi. Nililimeza kwa sababu lingemlaza mama tena.

Mashina yamezaa. Matikiti manne. La kwanza tumelikata Jumapili, mama amekula vipande vitatu na akaomba cha nne.

Sasa na mimi nikuambie, maana kaka yako hajui. Mbele za watu mama huniita mkwe. Lakini akila hufumba macho, akanishika mkono, akaniita kwa jina lako. Tangu atoke hospitali. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, "Mama, ni mimi." Akawa anafumbua macho, ananitazama, anaiweka sahani chini. Nikaacha kumsahihisha. Tikiti nimelipanda mimi, nimelimwagilia mimi, nimelimenya mimi, anakula na kushukuru kwa jina lako, na mimi naitika, "Abee, mama."

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za wivu kana kwamba ni ugonjwa wako peke yako. Nimechoka kuitika. Omba likizo, uje uitike mwenyewe.

Wifi yako