Mapigo ya Moyo Wako Siku Nilizorudi

Mpendwa Mama Neema,

Jumatatu iliyopita Nesi Upendo alikuja kuchukua zile fulana mbili za hospitali. Nilikuwa nimezifua siku moja kabla, kwa mkono, bila kuzikamua, kama ulivyonifundisha, nikazianika kivulini nyuma ya jiko. Alizikunja, akaziweka kwenye mfuko, akaniuliza kama nakula. Nikamwambia nakula. Hakuamini, lakini hakubisha. Alipoondoka nikakaa kwenye benchi la nje, kisha nikaona nimekaa upande wako, nikasogea. Hakuna mtu mwingine wa kukaa hapo, lakini nilisogea.

Tangu siku hiyo nataka kukuandikia. Naiandika barua hii wazi, aisome atakaye, kwa sababu wako madereva wenzangu wengi ambao wake zao hawajawahi kuvaa fulana ya namna ile, na kwa hiyo hakuna aliyewaambia.

Unakumbuka ilivyoanza. Ukipanda kutoka barabarani kuja nyumbani ulikuwa unasimama kwenye uzio wa jirani, unajifanya unaangalia maharage yake, kumbe unatafuta pumzi. Miguu ilivimba mpaka mikanda ya kandambili ikawa inaacha alama. Daktari akasema moyo umetanuka, ni shinikizo la damu la miaka mingi. Wakati huo kulikuwa na mradi pale hospitali, wanatafuta wagonjwa wa moyo wanaoishi mbali na mjini, nawe ukakubali.

Nesi Upendo aliikunjua ile fulana mezani. Ya kijivu, nyepesi, kama za watoto wa shule wanaokwenda kwenye michezo. Ndani, usawa wa kifua, kulikuwa na mistari ya nyuzi zinazong'aa kama fedha, zimefumwa humo humo kwenye kitambaa.

"Hizi nyuzi ndizo vihisi," alisema. "Zinasikiliza moyo, na pumzi pia. Hapa ubavuni kuna mfuko wa kifaa, kama kiberiti tu. Kinapeleka kwenye simu, simu inaleta kwetu. Wewe unavaa tu ndani ya nguo zako, unaendelea na kazi."

Wewe uliyeshona sare za kwaya miaka yote ile ukaigeuza, ukapitisha kidole kwenye mshono. "Aliyeshona hapa ana mkono mzuri."

"Ni mashine, mama."

"Basi mashine ina mkono mzuri."

Mlicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nazungusha ufunguo wa gari, nataka tuondoke.

Niseme sasa jinsi nilivyokuwa. Miaka thelathini nimeendesha watalii. Mgeni angeweza kuniuliza jambo lile lile la simba mara nne, nami mara ya nne nikamjibu kwa tabasamu kama mara ya kwanza. Siku sita, siku saba, vumbi, jua, mtu analalamika kwamba chui hajaonekana, nami ninamtuliza. Wageni walikuwa wananiandikia kadi za kunishukuru kwa uvumilivu wangu, na wewe ndiye uliyekuwa unazipanga kabatini. Kisha nikishawafikisha uwanja wa ndege narudi Tengeru, na nikikata kona ya kwetu ule uvumilivu umeisha wote. Nani ameacha geti wazi. Chai hii ni ya saa ngapi. Redio yangu nani kaisogeza. Sikuwahi kukuinulia mkono, na kwa hilo nilijihesabu mume mwema. Hata kanisani nilishawahi kulisema mbele za watu, nawe umekaa pembeni yangu.

Kuna ile siku ya pipa. Neema alikuwa darasa la nne. Nilirudi nikakuta pipa halina maji, na bomba lilikuwa limekauka tangu juzi yake. Ulijaribu kunieleza. Nilisema mpaka jirani akapunguza sauti ya redio yake asikilize vizuri. Chakula kilipoiva Neema hakuonekana. Tukamkuta chini ya kitanda na daftari lake, anafanya hesabu kwa mwanga unaopita pembeni ya shuka. Ukaniambia, "Mwache amalize." Mimi nikacheka. Kisa hicho nimewasimulia watu kwa miaka mingi kama kichekesho.

Mwezi wa tatu wa fulana nilikusindikiza kliniki kwa sababu sikuwa na wageni. Nesi Upendo alitandaza karatasi mezani, zina mistari ya siku zako zote.

"Mama, hapa siku sita umetulia vizuri sana," alisema. "Halafu hapa, saa kumi na moja jioni, mapigo yanapanda. Hayashuki mpaka kesho yake asubuhi. Na huku tena, wiki mbili mbele, hivyo hivyo. Na hapa. Siku hizi unafanya kazi gani nzito?"

Ulifunga vizuri mtandio wako. "Ni siku za kufua," ukasema.

Nesi aliandika. Mimi nilizitazama tarehe. Zote nilizijua, kwa sababu dereva hasahau siku aliyorudi kutoka porini.

Nitakueleza nilichofikiri, ingawa kinanitia aibu. Nilifurahi. Tulipokuwa njiani kurudi nikakutania, "Kumbe uzee wote huu, mimi nikirudi bado moyo wako unaruka."

Ulikuwa unaangalia nje. "Endesha, Baba Neema," ulisema.

Lile jibu lilinikaa kichwani. Jioni nikakufuata jikoni ukiwa unakata mboga, nikakuuliza kwa nini ulimdanganya nesi. Uliendelea kukata. Nikauliza tena. Ukaweka kisu chini.

"Nikisikia gari lako getini," ulisema, "naanza kuzunguka na macho kutafuta ni nini hakiko mahali pake. Nimefanya hivyo tangu Neema hajazaliwa. Sikujua kama mpaka moyo unafanya hivyo."

Hukulia, wala hukupandisha sauti. Ulisema kama mtu anayemweleza daktari panapomuuma, ukachukua kisu ukaendelea.

Na mimi, badala ya kukaa, nikafanya nilichozoea. Nilisema siwezi kupelelezwa ndani ya nyumba yangu. Nilisema, "Vua hilo dude." Ukaingia chumbani, ukatoka nayo imekunjwa, ukaiweka mezani mbele yangu. Kesho yake alfajiri nikaondoka na familia moja ya wageni kwenda Serengeti.

Siku ya tatu, tumetoka Serengeti, tuko Karatu tunapanda Ngorongoro, simu ikaita. Alikuwa Nesi Upendo.

"Shikamoo mzee. Mstari wa mama umekatika, leo siku ya tatu. Yuko salama?"

Nikasema betri. Wageni walikuwa nyuma yangu wanapiga picha kuku. Nilipokata simu ndipo nilipoelewa kwamba sijui kama uko salama. Nilishuka, nikasimama nyuma ya gari, nikakupigia. Simu yako iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ukapokea.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa bombani."

Nikaegemea gari. Ukauliza kama nipo. Nikasema, "Vaa ile fulana."

"Ulisema niivue."

"Nilisema. Sasa nakuomba uvae. Tafadhali."

Ukasema utavaa. Mchana huo wageni waliona faru wawili, wakashangilia, nami sikumbuki faru hao walikuwa upande gani wa gari.

Hukuwahi kuniuliza nilianza lini kuchelewa. Basi nikwambie: tangu safari ile, nikishawaaga wageni, nilikuwa nasimama sokoni Tengeru. Namwambia mama wa chai anipe kikombe, nakaa kwenye kreti ya soda mpaka niipate sauti yangu ya kawaida. Kisha nakupigia kuuliza nichukue nini. Mwanzoni ulikuwa unajibu "hakuna" kwa haraka, kama mtu aliyekamatwa na kosa. Baadaye ukaanza kusema nyanya. Baadaye ukasema nyanya, na kitunguu, na kama yule bibi wa parachichi bado yupo nimsalimie.

Karatasi za mwezi uliofuata zilionyesha mapigo yanapanda vile vile. Nilikasirika, kwa kuwa nilitaka kulipwa wema wangu siku ile ile. Nesi akasema kwa upole kwamba mwili una mazoea yake. Mwezi mwingine yalipanda kidogo. Mwezi wa tano wa kujaribu kwangu alituonyesha siku moja niliyorudi, mstari umepita saa kumi na moja, umepita saa kumi na mbili, umelala tu, halafu saa moja na nusu umeruka ghafla.

"Na hapa je?" aliuliza.

Wewe ukaanza kucheka ukaziba mdomo na mtandio. Ilikuwa ile siku niliyotaka kukupikia mtori, nikamenya ndizi bila kupaka mafuta mikononi, utomvu ukanigandisha vidole kwenye kisu. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nesi akaandika, "kicheko," na sisi tukamwona akiandika.

Hivyo tulipata miezi minane. Miezi minane kati ya miaka thelathini na minne. Katika miezi hiyo nilijua kwamba hupendi chai ya tangawizi na ulikuwa unainywa kwa ajili yangu. Ulinisimulia jinsi ulivyotaka kusomea ualimu, na baba yako alivyosema hapana. Uliniambia siku moja, tumekaa kwenye benchi na mlima umefunguka mawingu mpaka kileleni, kwamba nikiwa safarini ulikuwa unaimba. Nikasema mbona sijawahi kusikia. Ukasema, "Utasikiaje na hukuwepo." Nikakuomba uimbe. Uliona haya kama msichana, ukaimba ubeti mmoja wa kwaya, pumzi ikakata, ukacheka.

Masika ilipoanza miguu ikavimba tena na dawa hazikushusha. Nesi Upendo aliona kwenye mistari kabla yetu, akapiga asubuhi, akasema nikulete hospitali sasa hivi, nisingoje kesho. Kwa hiyo fulana ilifanya kazi yake. Ilitupa siku kumi na moja ambazo daktari alisema tusingezipata. Siku ya mwisho ulikuwa unasinzia na kuamka, mkono wako juu ya wangu. Uliniuliza kama nimekula. Baada ya hapo hukuniuliza kitu tena.

Nimeacha kazi. Nilijaribu safari moja baada ya mazishi, na nilipowafikisha wageni uwanja wa ndege nikakaa ndani ya gari maegeshoni kwa muda mrefu sana, sina pa kuwahi. Siku hizi naongea na kuku. Nawasemesha kwa upole, na huwa nafikiri ungenicheka. Watu wa usharika wanakuja Jumatano, wanaomba, wanakunywa chai, wanaondoka, na vikombe vinabaki mezani mpaka Alhamisi. Usiku nalala upande wangu, wa ukutani. Nyumba imenyamaza, hakuna anayeogopa ndani yake, na hilo halinisaidii.

Kuna jambo moja nimelifanya, nataka ulijue. Jumapili iliyopita nilimpigia Neema huko Mwanza. Nilimwambia habari ya karatasi, maana hukuwa umemwambia. Nikamwambia kwamba ninajua kwa nini yeye huja siku mbili tu kisha anasema kazi imemwita. Nikamwambia, "Nilikutisha ukiwa mtoto, nami nilicheka. Nisamehe." Akasema, "Nitakupigia, baba," akakata.

Alipiga juzi, siku ya nne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Uliyosema nimeyasikia." Nikasikia pikipiki zinapita huko kwake. "Siwezi kukujibu kwenye simu."

"Basi usinijibu kwenye simu."

"Nitakuja. Sijui lini."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba mimi ni mzee, kwamba niko peke yangu, kwamba mtoto ni mmoja. Nikasema, "Sawa, mwanangu. Siku utakayoweza." Tukaagana. Jana nimefagia chumba chake na kutoa godoro juani, lakini sikumwambia, asije akaona ninamvuta.

Yeye nimemwomba. Wewe sikukuomba. Nilidhani kuchelewa sokoni na kuleta nyanya kulitosha, na pengine ulielewa, maana ulikuwa mwepesi kuelewa. Lakini neno lenyewe hukulisikia kutoka kinywani mwangu. Wageni niliwaambia samahani kwa vumbi, samahani kwa joto, samahani kwa simba aliyekataa kutoka kichakani.

Nisamehe, mke wangu.

Pumzika. Nimekula.

Mumeo,
Baba Neema