Kamba ya Chacha

Mjukuu wangu Mwita,

Shikamoo yako imefika nami nimecheka, maana tunalingana umri. Lakini babu yako ndiye aliyenioa, basi marahaba, mume wangu. Huku tu wazima, na mtama umestawi.

Unauliza kama ni kweli namfunga baba yako mdogo, mwanangu Chacha, kama mbuzi. Ni kweli.

Mwanzoni nilikuwa namwacha kwa jirani yetu, mama mzee Gati, pamoja na watoto wa wenzangu, tukienda kupalilia. Mwaka jana akaja bwana afya wa serikali, akasema nyumba ya kukusanyia watoto lazima iwe na choo na dirisha. Tukachimba choo, tukatoboa dirisha. Akarudi, akasema ndama watoke ndani. Tukawatoa. Akarudi tena.

"Mama, nani amekupa kibali cha kulea watoto wa watu?"

"Mama zao," Gati akamjibu.

"Mama zao si serikali. Kuanzia leo basi."

Sasa Gati anakaa peke yake na dirisha lake. Mimi nikienda shamba namfunga Chacha mguuni, kwenye nguzo ya ghala, asiufikie moto. Juzi bwana afya alipita, akaitazama kamba, akasema, "Vizuri, mama. Mtoto yuko kwao."

Nakuombea ufaulu hayo masomo yako ya ubwana afya. Ukikuta watoto kwa jirani, kabla hujawatawanya uliza watakwenda wapi.

Chacha ameanza kutembea. Anafika mwisho wa kamba, anakaa chini, ananingoja.

Bibi yako,
Robi