Waziri Yuko Uani

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

U hali gani huko kwa mwanao? Mkwe hajambo? Na yule mjukuu anayeng'ata watu? Sisi wazima, ila shemeji yako amenuna, na sababu ya kununa kwake ina miguu minne.

Mwenye mabanda ya farasi amefunga kazi. Farasi vijana wamepata wa kuwachukua. Waziri, kwa uzee wake, kakosa hata wa kumtazama meno. Nikakumbuka Jumapili zetu za kwenda kumlisha pale mabandani: wewe ukitoka zamu hospitalini, mimi nikitoka kwenye cherehani, hatujuani hata kwa salamu, mpaka siku Waziri alipojifuta kamasi kwenye magauni yetu yote mawili tukacheka hadi tukawa ndugu. Ningemwacha vipi? Nimemleta nyumbani. Yuko uani, chini ya kamba ya nguo. Jana amekula pazia la mteja.

Ni mimi dada yako,
Fundi

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama. Pazia? Majani makavu humpi? Na kwato unamsafisha, au unamwachia Mungu? Waziri ni wetu sote, usije ukaniulia.

Mimi sijambo sana. Tuko ghorofa ya nne, lifti mbovu. Asubuhi wote wanatoka, jioni wanarudi wamechoka. Mchana naongea na friji. Lenyewe linanguruma, basi tunaelewana. Upweke sina hata chembe.

Mdogo wako,
Nesi

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku si kuzuri. Waziri amesusa kula. Nimemwita daktari wa mifugo, kamgusa huku na huku, kisha akaniambia, "Mama, huyu haumwi. Farasi ni mnyama wa kundi. Akikaa peke yake ananyong'onyea. Mtafutie mwenzake."

Farasi wa pili nitamweka wapi, kitandani? Nikaleta mbuzi. Mbuzi hakumjali Waziri hata kidogo. Aliingia moja kwa moja kazini kwangu, akala mkono mzima wa koti la bwana harusi. Kijana wa watu ameoa na shati.

Shemeji yako, ambaye huwa hasemi la maana kabla ya kula, leo kasema: "Huyu mnyama anamngoja mtu."

Nami nasema hivi: mtu asiye mpweke haongei na friji. Chumba cha uani ki wazi. Njoo.

Dada yako

10 Mei

Mdogo wangu,

Mbona kimya? Nimekuudhi? Waziri jana hakusimama mpaka jua la utosini. Shemeji yako alikaa naye chini, amemshika shingo, akidai anaangalia kamba ya nguo. Kama huji, sema huji, nijue moja.

Dada yako

6 Juni

Dada,

Shikamoo, ingawa umenuna. Nakuandikia nikiwa chumba cha uani, na barua hii ataileta shemeji, maana tangu asubuhi hatusemeshani.

Hivi kweli, dada yangu, unawaambia majirani Waziri ameanza kula kwa sababu ya dawa ya minyoo? Dawa ya minyoo! Niliposhuka kwenye basi sikufika hata mlangoni. Nilikohoa tu pale getini, akasimamisha masikio, akaja mbio na magoti yake mabovu, akajifuta kamasi kwenye gauni langu mbele ya watu. Jioni ile ile alimaliza ndoo nzima ya chakula. Sijamwacha mwanangu akilia kituoni nije kushindanishwa na minyoo.

Mdogo wako

6 Juni, nyuma ya karatasi yako

Marahaba.

Dawa alimeza asubuhi, wewe ukaja jioni. Hilo silifuti. Ila nakiri kwamba tangu uje, hata mimi nakula vizuri, na mimi sina minyoo.

Toka huko, chakula kinapoa. Tena shemeji yako anasema yeye si posta.

Dada yako