Jua la Chumba cha Kati

Awindiri, Arua
Machi 1998

Kwa kaka yangu Taban,

Asalaam aleikum. Koboko mmeamkaje? Wifi Mindra na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta, na vumbi la kiangazi limetupa sote mafua. Ramani ya nyumba uliyoomba nimeimaliza. Tafadhali, fundi asikate bati hata moja kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Nakujua, kaka, wewe husoma mistari miwili ukamwita fundi.

Ulitaka paa jipya kabla ya mvua, na chumba cha kati anacholala Mama kiwe ghala la sukari na sabuni, kwa kuwa yeye unampeleka Ajia kwa mama mdogo. Ulisema akili zake zimekwisha: anaswali adhuhuri asubuhi, alasiri anaiswali usiku, watoto wanamcheka, nawe unaona haya mbele ya majirani. Sasa utaona ghala nimelihamishia upande wa barabarani, na juu ya kitanda cha Mama nimetoboa dirisha la paa.

Usinune kwanza. Najua utasema bati moja la plastiki lingetosha. Lingetosha kama chumba kisingekuwa na dari. Mwanga ukiingia juu ya dari unabaki kule kule na popo. Lazima liwepo shimo lililozungushiwa mbao, kutoka kwenye bati hadi darini, na shimo hilo, wallahi, limenitoa jasho.

Ofisini kwetu Mvara tuna programu ya kuchora majengo. Ukiiambia iweke dirisha kwenye paa lililoinama, inatoboa mraba na mwinamo wa paa lenyewe, si wima kwenda sakafuni. Paa la upande wa Mama linatazama magharibi, kwa hiyo shimo likashuka limelala kuelekea mashariki. Nilipoiomba inionyeshe jua la mchana, mwanga wote uliishia kwenye mbao, chumbani hakuna kitu. Mzee Onzima, mkuu wetu, akanitania kwamba namjengea mama yangu bomba la moshi. Nikamjibu kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dirisha la programu nikaliacha, nikachora mwenyewe donge lenye umbo nililolitaka, nikaiamuru kompyuta ilimege kutoka kwenye paa na dari. Upande wa magharibi nimeusimamisha wima, jua la mchana lishuke moja kwa moja kando ya kitanda. Upande wa mashariki nimeulaza, shimo lipanuke kuja chini, ili jua la alasiri nalo lipite na kupanda ukutani. Fundi asiunyooshe upande huo akidhani nimekosea. Mafundi wetu wanapenda kila kitu kiwe mraba.

Sasa nikuambie sababu. Nilipokuja kwenu Idi nililala chumbani kwa Mama. Asubuhi, wifi akiwa sokoni, Mama aliniomba nitoke nje nimtazamie jua limefika wapi. Nikarudi nikamwambia ndiyo kwanza linachomoza. Akalia, kaka. Kumbe alikuwa ameshaswali adhuhuri. Nikamuuliza mbona haulizi watu wa nyumbani, akasema:

“Nimeuliza mpaka watoto wamechoka. Humu ndani jua iko wapi? Mimi naswali gizani, mwanangu. Mungu atapanga mwenyewe.”

Unakumbuka mwaka 1979 tulipokimbilia Sudan? Hatukuwa na saa, na Mama hakukosa swala hata moja porini. Alikuwa anatazama kivuli chake tu. Baada ya kupooza tukamweka chumba cha kati ili apate utulivu, chumba kisicho na dirisha, na msikiti uko mbali, adhana haifiki. Usiniambie utamnunulia saa. Kusoma saa hajawahi, na kwenye giza lile hata wewe hungeiona. Akili za Mama hazijaenda popote, kaka. Anakisia.

Alinikataza kukuambia, asije akaonekana anamlalamikia mwanawe wa kwanza. Nimemvunjia neno lake, na najua atanikasirikia. Kama dirisha hulitaki, basi usimpeleke Ajia, nitakuja kumchukua mimi tuishi naye hapa Awindiri. Lakini yeye hataki kuja kwangu. Anataka kukaa pale anaposikia sauti yako uani.

Wasalimie wote, na watoto waambie shangazi yao anawapenda, ila wakimcheka bibi yao tena nitakuja na fimbo. Mama mshikie mkono kwa niaba yangu. Na kabla hujamwita fundi, kaka, nakuomba jambo moja. Ingia chumbani kwa Mama mchana, vua saa yako uiache nje, ufunge mlango, ukae naye mpaka mazungumzo yaishe. Kisha mwambie ni saa ngapi.

Mdogo wako akupendaye,
Kiden