Ujumbe Ulifika Tukichimba Kaburi

Kiprono ndugu yangu,

Watu wanasema mtu akizikwa, hasira izikwe naye. Yangu imekataa. Nakuandikia wewe kwa sababu Mama akinisikia analia.

Bonde letu hata leo halina mnara wa simu. Tunaahidiwa kila uchaguzi. Ndiyo maana ulifunga vile visanduku vyako vya redio juu ya mabati ya watu, kila kimoja na sola yake. Bado nakusikia ukimweleza Mama akikamua ng'ombe: "Hakuna mnara, Mama, na hakuna mkubwa. Simu yako inampa jirani ujumbe, jirani anampa jirani, mpaka dukani kule juu penye network. Nyumba moja ikizima, ujumbe unajitafutia njia ingine. Ukikosa njia, unangoja."

Mama akacheka. "Kwa hivyo hata mimi ni mnara?"

"Hata wewe."

Lakini pale bonde linapopinda, nyumba iliyoona pande zote mbili ilikuwa moja tu, ya Mzee Arap Lang'at. Nilikwambia, Kiprono! Nilikwambia usiweke kijiji kizima juu ya bati la mtu mmoja. Ukasema, "Wacha hofu, mzee ni mtu mzuri."

Mtu mzuri! Alikosana na akina Koros juu ya mpaka wa shamba, akang'oa waya wa kisanduku. "Siwezi kubeba maneno ya adui juu ya nyumba yangu." Hivyo ndivyo alivyosema baadaye. Siku ile hakumwambia mtu.

Mti ulipokuangukia, mke wako Chepkirui alituma ujumbe, akaona umetoka kwa simu, akangoja gari. Na wewe umelala katikati ya majani chai ukimuuliza, "Wamejibu?" Tulipochoka kungoja tukakubeba na blanketi kupanda kilima. Ulinyamaza kabla hatujafika lami.

Asubuhi ya mazishi mzee alirudisha waya, ili awaite watoto wake kutoka Nakuru. Ndipo mwenye duka akashuka mbio akatukuta na majembe, akaninyooshea simu. "Leteni gari haraka, Kiprono ameumia." Mchana Arap Lang'at akashika maikrofoni akahubiri upendo wa jirani. Mimi nikaenda kusimama zizini na ng'ombe.

Wazee waliniita nisamehe. Niliwapikia chai, wakaondoka, nikachukua ngazi na kisanduku. Nilienda ng'ambo ya mto kwa Mama Wanjiru wa viazi, ambako hatujawahi hata kuketi. Akanishikia ngazi mwenyewe. Kanisa nalo likakubali. Sasa bonde lina njia tatu. Nimezijaribu moja moja, nikizima hii na kuwasha ile, huku nikikutukana kwa kutofanya hivyo ukiwa hai.

Juzi mvua ya mawe ilivunja kisanduku cha Arap Lang'at. Alikuja kofia mkononi. Mkewe ni mgonjwa. "Chebet, msichana wangu, unaweza kunifungia kingine?"

Maneno yake mwenyewe, yale ya adui, yalinijaa mdomoni. Nikayameza, nikapanda juu ya bati lake. Haikuwa huruma. Niliposhuka nikamwambia, "Mama wa nyumba hii akizidiwa, gari litaitwa. Lakini wewe usinisalimie bado."

Saisere, kwaheri, Kiprono. Lala. Nakuahidi visanduku vitawaka, na yule mama atafika hospitali kila akihitaji. Kusamehe, usiniombe mwaka huu.

Dada yako,
Chebet